Kilishio cha ndege cha bomba, nimekitumia winta mbili: nakipa nyota nne, ya tano nimeitoa kwa sababu ya sakafu yake

Nimekaa na hiki kilishio winta mbili kamili, mwezi wa kumi mpaka mwezi wa nne, kwahiyo hii sio rivyuu ya mtu aliyefungua boksi jana akapiga picha. Niseme mapema kwamba nakipenda, nitakinunua tena, na ndo kilishio ninachomshauri mtu yeyote anayeanza kulisha ndege wa bustanini wakati wa baridi. Ila sababu yangu ya kukipenda haipo kabisa kwenye boksi. Boksi linasifia kwamba kinabeba mbegu nyingi, kina milango minne, kindi hawezi kukitafuna. Mi nakipenda kwa sababu kitako chake kinafunguka. Unazungusha robo tu, kinatoka, brashi inapita kutoka chini mpaka juu, unasugua, unasuuza, unakiacha kikauke. Naomba mnivumilie nieleze kwanini hilo jambo dogo ndo limekuwa kila kitu kwangu.

Kabla ya hiki nilikuwa na cha mbao, kizuri mno, kama kibanda chenye paa na sakafu tambarare ambapo unamwaga mbegu juu yake. Kila mgeni alikisifia. Ndege wanatua wanasimama juu ya chakula chenyewe, wanakula hapo, wananyea hapo hapo, mvua inaingia kwa pembeni mbegu zinalowana, usiku zinaganda mchana zinayeyuka, na mimi kila asubuhi naongeza mbegu mpya juu ya zile za jana kwa sababu nje baridi kali na vidole vinauma nataka kurudi ndani. Ikaenda hivo mwezi wa kumi na mbili wote. Wiki ya pili ya mwezi wa kwanza binti yangu alikuwa dirishani akaniita, "Mama, yule wa kijani mbona haruki?"

Alikuwa chiriku wa kijani, yule Wazungu wanamwita greenfinch. Wenzake wote walikuwa wamesharuka nilipofungua mlango, yeye akabaki. Manyoya ameyavimbisha akawa kama mpira, macho nusu yamefumba, mdomo umelowa na vipande vya mbegu vimenata pembeni ya mdomo. Anachukua mbegu, anaizungusha mdomoni muda mrefu, anaitoa. Anachukua nyingine, anaitoa tena. Nilimsogelea nikafika kama mita moja, akanitazama tu. Kesho yake nilimkuta chini ya kichaka amekufa, na ndani ya wiki hiyo hiyo wakafa wengine wawili, wote chiriku wa kijani, na wote walikuwa wakila kwenye kile kibanda changu kizuri.

Ugonjwa wenyewe unaitwa trikomonosisi. Unaletwa na kimelea cha seli moja, Trichomonas gallinae, ambacho njiwa wamekuwa nacho tangu zamani, lakini Uingereza mwaka 2005 kikaanza kuonekana kwa chiriku, mwaka uliofuata kikaenea, na hao wa kijani wakapungua vibaya sana mpaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya huko, yaani ya ndege walio hatarini zaidi. Kinashambulia koo, koo linavimba, ndege ana njaa lakini hawezi kumeza, na kile anachokitema kina mate yenye vimelea, mwenzake anakuja anakiokota. Sasa fikiria sakafu tambarare yenye mbegu zilizolowa na ndege kumi wanachangia. Mwanzoni mwa 2025 RSPB, lile shirika kubwa la kuhifadhi ndege la Uingereza, lilisimamisha kuuza vilishio vya tambarare kwa sababu ya jambo hili hili. Kuna kitu kimoja kilichonipa nguvu niliposoma: hiki kimelea hakivumilii ukavu. Kikikauka kinakufa. Nikashusha kibanda, nikaacha kulisha kabisa kwa wiki kadhaa ili ndege watawanyike, na nilipoanza kutafuta kilishio kingine swali langu lilikuwa moja tu, je nitaweza kukifungua chote nikakiosha na kikakauka ndani nje? Ukiuliza hivo utashangaa vilishio vingi vinavyopendeza vinavyoanguka mtihani hapo hapo, vimegundishwa chini, vina kona ambazo hata mswaki hauingii.

Sasa chenyewe. Ni bomba la plastiki ngumu ya kuonyesha, urefu kama sentimita 40, juu kuna mfuniko wa chuma unaopanda na kushuka kwenye waya wa kuning'inizia, milango minne yenye fremu za chuma, miwili juu miwili chini, na kila mlango una kijiti cha kutulia. Hicho kijiti ndo kinafanya ndege asimame nje ya chakula, anaingiza kichwa anachukua mbegu, na kinyesi kinaanguka chini badala ya kuangukia kwenye mbegu za wenzake. Plastiki baada ya winta mbili imepata mikwaruzo lakini haijapasuka hata kwenye baridi ile kali, na kwa sababu inaonyesha naona kiasi kilichobaki nikiwa ndani, sihitaji kutoka kuchungulia.

Wateja wangu wakubwa ni hawa wadogo wenye kofia ya bluu na kifua cha njano, blue tit. Nimewatazama sana mpaka nawajua tabia. Anatua, anaangalia kulia, kushoto, juu, anaingiza kichwa, mbegu ya kwanza anaitupa, ya pili anaitupa, ya tatu anaondoka nayo. Hali pale. Anaenda kwenye tawi, anaibana mbegu chini ya vidole vya miguu, anaigonga kwa mdomo, tak tak tak, ganda linapasuka, anakula kiini kidogo kidogo, anapangusa mdomo kwenye tawi upande huu na upande huu, halafu anarudi kuchukua nyingine. Chiriku hawako hivo, chiriku akishakaa kwenye kijiti amekaa, anamenya kwa mdomo palepale maganda yanadondoka, anaweza kumaliza dakika nyingi na mwenzake akimsogelea anamfungulia mdomo kumtisha. Kwahiyo milango minne inatosha blue tit hata kumi na tano maana kila mmoja anakaa sekunde chache, lakini wakija chiriku wanne kilishio kimejaa na wengine wanasubiri kwenye matawi. Kama bustani yako ina chiriku wengi chukua kile cha milango sita.

Watu wananiuliza kwanini naangaika hivi na ndege wa porini. Blue tit ana gramu kama 11. Usiku wa winta unafika masaa 15, 16, na kimwili kidogo kama kile kinapoteza joto haraka sana, mafuta aliyoyaweka mwilini mchana ndo kuni zake za usiku, ikifika asubuhi anaweza kuwa amepungua asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 70 alale aamke na kilo 65, na inabidi azirudishe zote kabla giza halijaingia, kesho tena, keshokutwa tena. Ndugu yake wa Marekani, chickadee, yeye usiku anashusha joto la mwili kwa nyuzi 10 hivi ili akiba isiishe kabla hakujakucha. Ukishalijua hilo utaelewa kwanini wanakuja kwa fujo asubuhi na mapema halafu tena saa ya mwisho kabla ya giza, na ndo maana mimi najaza jioni, ili kukipambazuka tu wakute chakula, maana wao wanaamka kabla yangu.

Na kuna wale wanaosema unawadekeza watasahau kujitafutia. Kule Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuatilia chickadee kwenye winta kali, matokeo yakachapishwa 1988, waliokuwa na vilishio walivuka winta wakiwa hai asilimia 69, wasiokuwa navyo asilimia 37. Halafu baadaye wakawaondolea vilishio wale waliozoea kulishwa, wakaishi sawa tu na wenzao ambao hawajawahi kuona kilishio. Wanajua kujitafutia, na siku ya theluji nzito hicho cha ziada ndo kinawavusha.

Mbegu naweka alizeti nyeusi tu, ile ndogo yenye ganda laini na mafuta mengi, michanganyiko nimeacha kwa sababu ndege wanatupa wasichokitaka chini na kinaoza. Msiweke nyjer kwenye kilishio hiki, zile mbegu nyembamba nyeusi za mmea wa Ethiopia ambazo goldfinch, chiriku wa aina nyingine, wanazipenda, milango ni mikubwa zitamwagika zote, zina kilishio chake chenye matundu madogo. Karanga nzima pia hapana, karanga inataka kile cha wavu wa chuma ili ndege amege vipande, na iwe haina chumvi na iwe imepimwa sumukuvu, maana sumukuvu inaua ndege kama inavyodhuru watu. Matonge ya mafuta yakija kwenye neti ya plastiki yatoeni kwenye neti, miguu inanasa.

Haya, tuje kwenye nyota niliyoitoa. Milango ya chini iko juu ya sakafu ya kitako kama sentimita mbili na nusu. Ina maana mbegu zote zilizo chini ya hapo hakuna ndege anayezifikia, zinakaa tu, we unajaza juu, zile za chini ni zile zile tangu siku ya kwanza. Kuna vitundu vinne vya kutoa maji lakini ni vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, vumbi la maganda linaziba, maji yanabaki, usiku yanaganda. Mwezi wa pili wa ile winta ya kwanza nilifungua nikakuta bonge jeusi limeshikana, linanuka kama godoro lililolowa, na mbegu mbili zimeota, vijimea vyeupe vimejikunja ukutani. Nilikaa chini nikaishiwa nguvu kwa kweli, kwa sababu nilikuwa naamini nimeshaondokana na mbegu zilizooza na kumbe nilikuwa nimezificha ndani ya bomba. Na hapo nilikuwa naosha kila wiki mbili! Kama kisingekuwa kinafunguka nisingeliona hilo bonge mpaka leo.

Nimelitatua hivi, na yeyote mwenye kilishio cha namna hii afanye. Nilikata duara kwenye mfuniko wa plastiki wa kopo, nikalichana mpaka katikati nikalikunja likawa kama paa la msonge, nikaliweka juu ya sakafu ya kitako, ncha juu. Mbegu zinateleza zinaelekea kwenye milango badala ya kulala chini. Vile vitundu nikavipanua kwa msumari uliopashwa moto. Tangu hapo kitako kinatoka kikavu, au kina unyevu kidogo tu baada ya mvua ya siku nzima. Lakini hii kazi ilitakiwa ifanywe kiwandani, sio mezani kwangu, na ndo maana sijatoa nyota tano.

Malalamiko mengine ni madogo. Mfuniko hauna kibano, kwahiyo ndani ya siku nne kindi alishajifunza kuupandisha kwa kichwa kwenye ule waya na kuingiza mkono, nikaubana na kibanio cha nguo, akahangaika wiki nzima akaacha. Nachanganya pia pilipili ya unga kwenye mbegu, ndege hawasikii ule ukali kabisa, kindi anausikia vizuri sana, ila vaeni glavu na msichanganye siku ya upepo. Kijiti kimoja skrubu yake ilichomoka, nikaandika kwa muuzaji kuomba nyingine, jibu la kwanza likaniambia nisome maelekezo, nikaandika tena nikatuma na picha, halikuja jibu lolote. Nimeweka bolti yangu. Halafu kuna ile sahani ya kudaka mbegu inayouzwa pembeni, ya kufunga chini ya kitako. Msinunue. Wanakuambia ni kwa ajili ya robin, yule mdogo wa kifua chekundu, na wale wanaopenda kula wakiwa wamesimama, lakini ukishaifunga umerudi kwenye ile ile sakafu tambarare, na hayo mabaki ya juu yote yanadondokea hapo na kinyesi chake. Robin anakula vinavyodondoka chini ya kilishio na mimi nafagia hapo kila jioni, na kila baada ya wiki chache nakihamisha kwenye tawi jingine ili ardhi ya chini ipumzike.

Pa kukitundika nako kunahitaji akili. Wiki ya kwanza nilikiweka mita nne kutoka dirishani, mahali ambapo mimi naona vizuri. Siku ya tatu nikasikia kishindo, nikakuta kwenye kioo alama ya vumbi la manyoya, umbo zima, kifua na mabawa mawili yamefunguka, hata ncha za manyoya zinahesabika. Yule aliamka baada ya dakika ishirini akaruka, nashukuru, lakini wengi hawaamki. Mita tatu nne ni umbali mbaya kwa sababu ndege akishtuka anafika kwenye kioo akiwa na kasi yote. Inatakiwa iwe chini ya mita moja, asipate nafasi ya kuchanganya kasi, au mbali kabisa zaidi ya mita 10. Sasa kipo sentimita 60 kutoka kwenye kioo na nilidhani watatuogopa, wakaogopa siku mbili tu. Na kiwe karibu na kichaka lakini kisigusane nacho, mita mbili hivi, ili kipanga akipita wapate pa kukimbilia na paka akijificha humo wawahi kumuona anatoka. Maji nayo wekeni, chombo cha kina kifupi, kikiganda mwageni maji ya uvuguvugu, msitie chumvi wala dawa yoyote ya kuzuia kuganda.

Mwaka huu wikendi ya mwisho ya mwezi wa kwanza tulikaa na binti yangu kuhesabu kwa ule utaratibu wa Big Garden Birdwatch, RSPB wanao tangu 1979, unakaa saa moja na unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, hujumlishi, ili yule anayekwenda na kurudi asihesabiwe mara ishirini. Tukapata blue tit tisa, great tit, ndugu zao wakubwa, wanne, goldfinch watatu, robin wawili ambao walitumia nusu saa kufukuzana, na dakika ya hamsini na kitu akatua chiriku wa kijani. Mmoja. Ndo wa kwanza tangu wale waliokufa. Binti yangu akanishika mkono, hatukusema kitu. Manyoya yamelala vizuri, mdomo mkavu, akachukua mbegu akaimenya, maganda yakadondoka, akameza. Akachukua ya pili akameza. Akakaa dakika sita kwenye mlango wa juu kushoto halafu akaruka moja kwa moja mpaka juu ya mti.

Usafi naufanya hivi: kila wiki, kila jumamosi, nashusha, namwaga mbegu zilizobaki, nachomoa kitako na mfuniko, nasugua kwa maji ya moto na sabuni na brashi ndefu ya chupa, brashi hiyo haiingii jikoni, nasuuza, naloweka kwenye blichi iliyochanganywa na maji mengi, nasuuza tena mpaka harufu iishe, halafu nakiacha kikauke kabisa kabisa. Glavu muda wote, na mikono unanawa, maana ndege wana salmonela pia, bakteria wa kuharisha. Kuosha ni dakika kumi. Shida ni kukauka, kwenye baridi kinachukua siku nzima, na siku hiyo nzima ndege wanakuja pale kilipokuwa kinaning'inia, wanatua kwenye tawi tupu, wanaangalia, wanaondoka. Kwahiyo ushauri wangu kwa anayenunua ni anunue viwili kabisa, kimoja kinaning'inia kingine kinakauka. Mimi cha pili nimekiagiza juzi. Kikifika nitapima ile sakafu kwa rula, na kama wameipandisha nitarudi hapa kuongeza ile nyota.